Moto Katikati ya Chumba

Kila asubuhi ya majira ya baridi, Caixia alichochea moto wa shimo katikati ya chumba. Juu yake vilining'inia vipande vya nyama ya nguruwe, vikikaushwa kwa moshi kwa ajili ya Mwaka Mpya. Wazazi wake walikuwa kiwandani mjini, hivyo nyumba ile ya mlimani ilikuwa yake na Bibi, ambaye kifua chake kililia kama birika.

"Baridi ndiyo inayoniua," Bibi alisema asubuhi moja, akihema. "Ziba hizo nyufa, mjukuu wangu."

Caixia aliziba nyufa za mbao kwa magazeti, akaufunga mlango. Chumba kikapata joto, naye akajisifu moyoni. Masikini, hakujua moshi nao umefungiwa ndani.

Kufikia mchana Bibi alishindwa hata kumaliza sentensi. Midomo yake ilikuwa ya zambarau. Caixia akamletea dawa yake ya kuvuta.

"Bado... naitunza... ya siku mbaya."

"Siku mbaya ndiyo hii, Bibi!"

Kwa hofu, Caixia aliufungua mlango wazi, akampigia simu Daktari Xiang wa zahanati ya kijiji. Daktari alipofika, walimtoa Bibi hadi barazani, wakamfunika blanketi, akampa dawa ya kufungua kifua na hewa ya oksijeni. Pumzi ilirudi polepole mno. Caixia akaangua kilio.

"Baridi inachokoza tu, Mama Peng," daktari alisema. "Mapafu yako yameliwa na moshi wa miaka yote. Hayaponi, yanatunzwa. Ile dawa ya kuvuta ni ya kila siku, uumwe usiumwe. Na moto utoke humo ndani."

"Na nyama? Wanangu wakija wale nini? Nimekaa na moshi huu tangu niolewe. Niacheni nao."

Caixia akakohoa. Daktari akamwekea kipimo mgongoni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Unakohoa tangu lini?"

"Kila baridi ikiingia."

Bibi aligeuka. "Naye pia?"

"Bado ana nafasi. Lakini wewe ulianza hivihivi. Mapafu hulindwa yakiwa bado mazima, Mama, si yakishachoka."

Bibi alishika mwimo wa mlango, akainuka.

"Daktari, wewe mrefu, zishushe hizo nyama, zote, uzipeleke kwenye kibanda cha nje. Nilidhani ninayeumia humu ni mimi peke yangu."