Kwato za Malkia na Miguu ya Babu

Kila Jumamosi, akishamkatia Malkia majani ya migomba, msichana Elinipendo alipeleka dumu la maziwa kwenye nyumba ya wazee iliyo juu kidogo ya mji wa Himo. Malkia alikuwa ng'ombe wao wa zizini, mwenye maringo mengi na maziwa mengi zaidi.

Siku hiyo alimkuta Babu Ebenezeri kitandani, amenuna. Kesho yake mjukuu wake Rachel angepata kipaimara, na Nesi Priska alikuwa amesema Babu asiende, maana hata kusimama kulimshinda.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mama. Rachel nitamwona kwenye simu tu. Wanasema ni uzee."

Elinipendo alimhurumia sana. Lakini kama ni uzee, mbona Babu alilipokea lile dumu zito kwa mkono mmoja? Akatazama chini. Soksi nene za kijivu zilikuwa zilezile za Jumamosi iliyopita.

"Babu, Malkia akichechemea, baba hasemi amezeeka. Anamwinua mguu, anatazama kwato."

"Yaani leo nimekuwa ng'ombe?"

"Ng'ombe wetu anatazamwa kila wiki. Wewe ulitazamwa lini?"

Babu alicheka, kisha akaitazama miguu yake. Hakukumbuka.

Elinipendo alimfuata Nesi Priska jikoni. Kumuuliza mkubwa kuhusu kazi yake si mchezo, lakini aliuliza kwa adabu kama miguu ya Babu ilikuwa imetazamwa. Nesi alikunja uso, akaja chumbani, akamvua Babu zile soksi. Kucha zilikuwa nene na zimejipinda. Moja ilikuwa imechimba nyama na kuacha kidonda kidogo.

"Tunawaogesha, tunawapima presha," Nesi alisema kwa aibu. "Miguu tumeisahau."

Elinipendo alileta beseni la maji ya vuguvugu. Nesi aliiosha miguu, akaikausha hadi katikati ya vidole, akakata kucha taratibu na kufunga kidonda. Kabla ya chakula cha mchana, wazee wote walikuwa wamevuliwa soksi na kutazamwa miguu.

Jumapili Babu aliingia kanisani kwa miguu yake, amevaa ndala na kushika mkongojo. Alichechemea bado, lakini Rachel alipomwona alitabasamu mpaka machozi yakamtoka.

Baada ya ibada Nesi Priska alimshika Elinipendo bega. "Nilisema ni uzee kabla sijatazama. Mtu akiumwa, mtazame kwanza, mpaka nyayo. Na ukiona jambo limesahauliwa, uliza kwa adabu, kama ulivyoniuliza."

"Na Malkia mpe salamu zangu," Babu alidakia. "Mwambie ng'ombe mwenzake ametembea."