Sensa Haina Kosa

"Usinunue hiyo."

Duka la vipuri lilikuwa limejaa. Watu walibanana mbele ya kaunta, kila mmoja na chuma chake kilichokufa mkononi, akitaka kizima. Mwokaji mikate aligeuka kuona ni nani anayemkataza. Alikuwa dada mwenye ovaroli ya buluu iliyonyooshwa kwa pasi, kitambaa chekundu kichwani, na bisibisi mfukoni, mahali ambapo wengine huweka kalamu.

"Kwa nini nisinunue?"

"Hiyo mbovu uliyokuja nayo haijachakaa. Uliifunga lini?"

"Juzijuzi tu. Na kabla yake nyingine. Gari ni zee. Gereji wanachomeka mashine, inatoa namba, wanasema sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi, ni mbovu. Nabadilisha, taa ya injini inazima. Kesho kutwa inarudi."

"Basi mgonjwa si sensa. Sensa ni mtoto aliyetumwa kuleta habari, na nyinyi mnamchapa yeye."

Mwenye duka alikunja uso. "Dada, unanifukuzia mteja."

"Nakutunzia. Akigundua umemuuzia bure, hakanyagi tena hapa."

Mwokaji akacheka, akarudisha sensa kaunta, akamfuata yule dada hadi kwenye kibanda chake nyuma ya safu ya maduka. Hapo ndipo alipojua kwamba ni fundi umeme wa magari, na kwamba hapendi kuharakishwa.

Gari lenyewe lilikuwa la mizigo, dogo, lililokuwa jeupe zamani. Mwokaji alilirithi kwa mjomba wake, na ndilo lililobeba mikate yake yote. Ukifungua mlango wa nyuma, harufu ya hamira inakupokea kama mwenyeji.

Siku ya pili alipokuja, fundi alikuwa amelala chali kwenye saruji, chini ya gari la mtu mwingine. Mwokaji hakusema kitu. Alikwenda kwenye gari lake, akachukua boksi la unga, akalipasua, akang'oa pini zote za chuma moja moja ili zisimkwaruze, kisha akalisukuma taratibu chini ya mgongo wake.

Wanaume wengi walikuwa wameusifu uso wa fundi yule. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuufikiria mgongo wake. Mapenzi yakaanzia hapo, kwenye boksi la unga.

Simu zikawa haziishi.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula waya na grisi."

"Nakuletea mkate wa moto."

"Wa jana ulikuwa umeungua chini, Bwana Mikate."

"Nilikuwa nakuwaza wewe."

"Basi niwaze kidogo kidogo, mikate isiungue."

Kuhusu gari, fundi alifanya kama alivyozoea. Gari zee huwa limejaza namba za makosa ya miaka na miaka, na ukizisoma zote hujui ushike ipi. Kwa hiyo alizifuta zote.

"Nisikilize vizuri," alimwambia. "Taa imezima, lakini gari halijapona. Itarudi. Ikirudi usiguse kitu, nipigie. Nataka kuona namba ipi inarudi ya kwanza."

"Sawa, mpenzi."

Nyumbani mama wa mwokaji aliuliza, "Gari vipi?" Naye, kinywa kimejaa chakula, akajibu, "Fundi amezima taa." Basi. Nusu ya maneno yalifika, nusu yakabaki kwenye sahani.

Alasiri moja mvua ilishuka. Mwokaji alikuwa anapeleka keki ya harusi, mama yake kando ameipakata. Walipofika kwenye mzunguko wa barabara, taa ya injini ikawaka, gari likatetemeka, likazima. Honi nyuma zikawa vita. Mafundi wa gereji iliyokuwa pale kando wakatoka, wakalisukuma hadi ndani. Mwokaji akapiga simu: "Limezima. Njoo, tafadhali." Fundi alifunga kibanda, akakimbia kwenye mvua, kipimo chake cha umeme amekificha kifuani kisilowe. Yeye alilowa.

Alifika nyuma ya boneti iliyoinuliwa, akawasikia kabla hawajamwona.

"Aliyewatengenezea alizima taa tu," mkuu wa gereji alikuwa anasema. "Ni nani huyo?"

"Ni binti mmoja hivi," mama akajibu.

"Binti? Mama yangu, binti na umeme wa gari wapi na wapi. Huyo amelipaka gari poda, mkaona limepona."

Wenzake wakacheka. Mama, keki iliyobonyea mapajani, akaguna. "Nami nilimwambia mwanangu."

Na mwokaji, aliyeijua kweli yote, aliangalia viatu vyake.

Fundi alimsubiri aseme. Kisha akageuka na kipimo chake kikavu, akarudi kwenye mvua. Mtu asiyekujua akikutukana, unakwenda zako. Lakini anayekujua akinyamaza, hiyo unalala nayo.

Simu ilipigwa mpaka ikachoka. Asubuhi akapokea.

"Nimekutafuta tangu jana. Kumbe ulikuja?"

"Nilikuja. Nikamkuta bwana mmoja hana ulimi."

"Mama alikuwa amelowa, keki imeharibika, mimi nimechanganyikiwa..."

"Sikulaumu kwa keki. Ulitakiwa kusema maneno mawili. 'Aliniambia itarudi.' Yangekuunguza mdomo?"

"Nisamehe, kipenzi."

"Kipenzi ni wa chumbani? Mbele za watu ni binti mmoja hivi?" Akakata.

Gereji ile ikamfungia sensa nyingine. Mvua iliyofuata, taa ikawaka, gari likazima palepale kwenye mzunguko.

Mwokaji alikuja kibandani kwa miguu, shati lake la kazini bado lina unga.

"Gari liko wapi?" fundi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kule kule gerejini, mama analilinda. Mimi nimekuja na ulimi. Twende nikaseme mbele yao." Akasita. "Lakini na mimi nina neno, na limeniuma. Wote mnaiuliza mashine. Wewe pia. Hakuna aliyeniuliza mimi ninayeliendesha."

Fundi akaweka koleo chini. Alitaka kukasirika tena, akakosa pa kushika.

"Haya. Huzima wakati gani?"

"Mvua ikinyesha. Nikishawasha wipa, taa kubwa na feni ya kukausha kioo. Bila hivyo linakwenda tu."

"Na hukusema."

"Hukuuliza."

Fundi alionyesha kwa kidole mfuko wake wa vifaa ukutani. "Kweli," alisema. "Sikuuliza. Nipe huo mfuko."

Gerejini walimkuta mama ameketi ndani ya gari, mkoba magotini.

"Shikamoo, mama. Naomba ukae kwenye usukani, uwashe injini. Halafu taa, wipa na feni, vyote."

Mama aliitikia kwa shingo upande, akawasha. Gari likaanza kutetemeka, taa ya injini ikawaka. Fundi alichukua waya mnene wa kuazimia betri, akabana ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Injini ikatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Akabandua, ikatetemeka.

"Rudisha," mama alisema haraka. "Rudisha, mwanangu."

Chini ya injini fundi alivuta waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Nje ulionekana mzima. Alipomenya ganda, ndani ulikuwa unga wa kijani wa kutu; kila vitu vingi vilipowashwa, umeme ulikosa njia ya kurudi, na sensa ikapeleka habari za uongo.

"Mashine ilisema sensa," mkuu wa gereji alinung'unika.

"Ilisema sensa inalalamika. Hukuuliza inalalamikia nini. Nami nilichelewa kuuliza, usijione peke yako."

Mwokaji akasogea katikati yao.

"Siku ile mlisema fundi wangu amelipaka gari poda. Si kweli. Aliniambia taa itarudi, nimpigie ikirudi. Nilijua, nikanyamaza, na mama yangu akamdhania mwongo kwa sababu yangu. Mama, huyu si binti mmoja hivi. Huyu ndiye ninayetaka kumwoa, akinikubali."

Hakuna aliyecheka. Mama alishuka, akafungua mkoba, akatoa leso yake nyeupe ya kwendea harusini, akaiweka kwenye mikono ya fundi yenye grisi.

"Jifute, mama. Nilikukosea."

"Itachafuka, mama."

"Ndiyo kazi yake."

Fundi akajifuta polepole, kidole kimoja kimoja, akimwangalia mwokaji.

"Utakuja nyumbani kwetu na nani?"

"Na mama. Na wajomba."

"Mje na gari hili hili. Taa mmewasha, wipa zinakwenda, hata kama kuna jua."

"Watu watatushangaa njiani."

"Wakikuuliza, utawajibu," alisema, akachukua waya mpya akaingia chini ya gari. Mwokaji alikuwa ameshaanza kupasua boksi.