Miaka Thelathini ya Kuvuta

Waya wa Kionakoo uliingia puani mwa Mzee Shehoza, ukateremka hadi kooni, ukawasha taa. Kiooni zikaonekana nyuzi zake mbili za sauti, mmoja ukiwa na doa jeupe. Mashine hiyo hulitazama doa, humhoji mgonjwa, kisha hutoa asilimia ya hatari ya saratani. Ikivuka themanini, Mkono-kisu, mkono wake wa chuma, hukata palepale.

"Umevuta kwa miaka mingapi?" iliuliza.

"Thelathini," Mzee alijibu kwa sauti ya kukwaruza.

"Ngapi kwa siku?"

"Ishirini, soko likichangamka. Nilivuta mpaka bega likahama!"

Mhandisi Sekela, aliyeiunda mashine hiyo, alicheka bila kuinua macho. "Mzee, una vituko wewe."

"Hii sauti ndiyo iliyonilisha, binti yangu. Msije mkaniibia."

Asilimia ikaruka kutoka kumi na mbili hadi tisini na moja. Dawa ya usingizi ikaingia mshipani. Mkono-kisu ukashuka.

Sekela alipomfunika mgonjwa shuka, aliona begani sugu jeusi la mkanda, pana kama kiganja.

"Mkokoteni!" alipiga kelele. "Alivuta mkokoteni! Simama!"

Mkono haukusimama. Sekela mwenyewe ndiye aliyeuunda usiweze kusimama katikati, ili saratani isiachwe nusu. Aliushika, ukamvunja vidole viwili kama njiti, ukaendelea kukata. Damu iliruka hadi ukutani. Akanyanyua mtungi wa oksijeni, akaupiga nao ule mkono kiungoni, tena na tena, mpaka chuma kikapasuka na mafuta yake yakachanganyika na damu sakafuni. Mkono ukaanguka, kisu kikitetemeka, kimeng'ang'ania kipande cha nyama.

Maabara haikukuta saratani. Doa lile nalo lilikuwa sugu, la miaka thelathini ya kupaza sauti sokoni: "Pisha! Pisha mzigo!"

Baada ya wiki tatu Sekela aliketi kando ya kitanda, mkono ukiwa na bandeji. Alipoliandika swali la mashine aliondoa neno moja, akiamini kila mtu angeelewa. Sasa aliliuliza zima.

"Mzee, uliwahi kuvuta sigara?"

Mzee Shehoza alitikisa kichwa. Akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Basi akanyoosha mikono, akashika hewa kulia na kushoto, akainama mbele kama mtu anayepandisha mzigo mlimani, akamkazia macho Sekela, akasubiri apishwe.