Mkono wa Wamae
Theuri, jirani yetu hapa Chaka, hakuogopa kitu ila maji. Mkewe Magdaline alizoea kumtania: mwanajeshi mstaafu mzima, na anaogopa beseni. Alhamisi moja walitoka sokoni mchana, ukungu wa mlimani umeshuka mpaka chini. Mto ulikuwa umejaa, ila pale pa kuvukia maji yalifika magotini tu.

"Daraja ni mbali, tuvuke tu hapa," Magdaline akasema. "Kwani kule Somalia mlikuwa mnavuka aje?"

Theuri akamweleza. Mnaposhuka kwenye boti kuvamia ufuo, ni giza na hakuna kusema. Wa nyuma humgusa wa mbele begani, maana yake nipo, songa. Ukiguswa, unasonga.

Hakumweleza habari za Wamae, aliyekuwa nyuma yake. Theuri aliguswa bega njia nzima hadi mchangani. Alipogeuka, hakuona mtu. Wamae alikuwa amezama pale pale waliposhuka kwenye boti, mzigo ukiwa mgongoni.

"Basi nitakugusa," Magdaline akasema.

Theuri akajikaza, akaingia. Akaguswa, akasonga. Akaguswa tena. Mkono ulikuwa mzito. Akajiambia ni baridi. Akasonga.

Alifika ng'ambo, akageuka.

"Baba Anita." Magdaline alikuwa bado kule walikotoka, kiatu kimoja mkononi. "Si ungengoja nivue viatu?"

"Usiingie!" Theuri akapaza sauti. "Rudi. Pitia daraja."

Magdaline hakurudi. Alitazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Akaingia majini hatua moja. Akaongeza nyingine, akielekea kwenye kina.

"Kuna mtu ananigusa," akasema.

Theuri alijitosa. Maji yalimfika Magdaline kifuani alipomshika, akambeba hadi ng'ambo huku akilia bila aibu.

Nyumbani alimvua mkewe sweta ili aianike. Begani palikuwa na alama ya vidole vitano, ya mchanga mweupe wa bahari. Udongo wetu hapa ni mweusi.

Alipogeuka, Magdaline alikuwa ameinuka, anafungua mlango.

"Unaenda wapi?"

"Sijui," akasema polepole. "Nimeguswa."

Tangu hapo Theuri humtanguliza mkewe kila waendapo, yeye akafuata nyuma, mkono wake ukiwa begani kwa Magdaline ili usiwekwe mwingine. Sweta bado iko kwenye kamba. Mvua imeinyeshea msimu mzima, na mchanga haujatoka.