Kilango Kilichokatwa

Sisimizi wa chuma walishuka kutoka kwenye kiganja cha Tusekile Mwambene, wakajipanga mstari, wakaingia mmoja mmoja ndani ya injini iliyokuwa ikiwaka. Miili yao ilikuwa midogo kuliko punje za ulezi, imetengenezwa kwa madini yasiyoogopa moto, na kila walichokigusa huko ndani kilijichora papo hapo hewani, juu ya boneti, kwa mistari ya buluu. Pistoni zilipanda na kushuka, vali zilifumba na kufumbua, cheche ziliruka. Picha hiyo mafundi wa Mbeya waliiita kioo-hewa. Madereva waliokuwa wakisubiri zamu zao pale gereji ya Mwanjelwa waliacha mazungumzo wakatazama, ingawa walikwisha kuiona mara nyingi.

"Iache ingurume yenyewe, mzee," Tusekile alimwambia mwenye gari. "Usikanyage pedeli."

Yule mzee aliinua mguu. Mlio ukashuka, injini ikapiga chafya, ikatetemeka mpaka vioo vya madirisha vikalia, kisha ikazima.

"Ndivyo inavyonifanyia," alisema kwa uchungu. "Nikiwa kwenye mwendo haina neno. Nikisimama tu, inatetemeka kama mtu mwenye homa. Leo asubuhi imenizimikia katikati ya makutano."

Alikuwa amevaa suti ya kijivu, na kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Alijitambulisha kwa jina la Kajuni. Lakini Tusekile, aliyekuwa ameinama juu ya injini, aliganda. Sauti ile angeitambua hata kama angezibwa masikio. Mtu huyu hakuwa Kajuni. Alikuwa Gwakisa Mwalyego, mbunifu mkuu wa akili-endeshi katika kampuni ya Kasinjema.

Siku hizo karibu magari yote ya Mbeya yaliunguza haidrojeni, kwa sababu baridi ya milimani ilizichosha betri upesi. Moshi wake ulikuwa mvuke mtupu, na asubuhi mvuke huo ulichanganyika na ukungu wa mlima Loleza hata mtu asijue upi ni upi. Dereva alibakiwa na usukani na pedeli. Mengine yote, hewa kiasi gani iingie, cheche iruke lini, yaliamuliwa na akili-endeshi, ubongo uliofungiwa ndani ya kasha dogo chini ya usukani.

Ambokile, mume wa Tusekile, alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Siku moja alipunguza mwendo kwenye kivuko cha reli cha Iyunga, kama sheria inavyotaka, na gari likamzimikia juu ya reli. Milango ya magari ya Kasinjema hujifunga injini inapozima. Treni iliyokuja haikuwa na dereva wa kumpungia mkono. Ambokile alikufa pamoja na mama mjamzito aliyekuwa akimkimbiza hospitali.

Kwenye uchunguzi, Gwakisa hakufika. Alitoa ushahidi kwa mtambo akiwa mbali, sura yake imekuzwa ukutani, na wala hakuonyeshwa mjane aliyeketi ukumbini. "Akili-endeshi haizimi gari," alisema. "Dereva alisinzia." Basi ikawa hivyo. Ndugu wa yule mjamzito waliacha kumsalimu Tusekile sokoni. Mama mkwe wake alimuuliza, bila hasira, kama Ambokile alikuwa hapati usingizi nyumbani. Swali hilo lilimchoma kuliko msiba wenyewe.

Tusekile, aliyekuwa mhandisi wa injini za ndege, aliacha kazi akafungua gereji. Hakushughulika na breki wala matairi. Alipokea magari yanayozima yakisimama, basi. Na yalikuja kwa wingi. Lakini kila alipowaingiza sisimizi, gari lilitulia ghafla, likanguruma kwa upole kama mgonjwa anayepata nafuu kwa kumwona daktari. Akajua kwamba kuna kitu kinajificha akiingia, ila hakuwahi kukikamata.

Gari la Gwakisa, kwa mara ya kwanza, halikutulia.

"Washa tena," alisema. Sauti yake ilitoka ya kawaida, na yeye mwenyewe alishangaa.

Aliwapeleka sisimizi kwenye plagi. Zilikuwa safi. Akawapeleka kwenye nozeli, nazo zilipuliza vizuri. Kisha sisimizi wakaanza kukusanyika wenyewe kwenye bomba la mpira linaloleta hewa, wakavutwa na kitu. Kwenye kioo-hewa ukaonekana ufa mwembamba kama ukucha wa mtoto.

"Hewa ya wizi," Tusekile alieleza. "Bomba lina ufa. Ukiwa na mwendo injini inavuta hewa nyingi, haijali kikombe kimoja cha ziada. Ukisimama inahitaji kidogo sana, kwa kipimo. Hiyo inayoingia kwa mlango wa nyuma inaivuruga."

"Kumbe ni kitu kidogo hivyo!" Gwakisa alivuta pumzi. "Karakana za kampuni zingeniweka wiki nzima. Ndiyo maana nikaja kwako. Nasikia wewe hupeleki taarifa zozote kampuni."

"Sipeleki, mzee. Kaa hapo upate chai."

Gwakisa akaenda kuketi kwenye benchi la wateja. Lakini Tusekile aliuliza moyoni: kwa nini gari hili halikujificha? Akawageuza sisimizi, akawashusha chini ya usukani, ndani ya kasha la akili-endeshi. Huko kioo-hewa kilimchorea kilango kidogo, waya wa kupokea amri kutoka nje, ambacho hakikuwemo kwenye mchoro wowote wa kiwandani. Kilikuwa kimekatwa. Si kwa bahati mbaya. Kilikatwa kwa mkono wa mtu anayejua, na ncha zake zikafunikwa kwa tone la gundi ili zisigusane.

Akakaa anakitazama. Kila injini iliposhuka na kunguruma polepole, wito ulikuja kutoka nje, ukagonga kile kilango kilichokufa, ukarudi. Wito huo haukuagiza gari lolote kwenda popote. Ulisema: *leta akili*, na chini yake bei ya kukodi kila sekunde.

Hapo akaelewa. Gari likisimama, kampuni inauazima ubongo wake. Magari yote yaliyosimama nchi nzima, kwenye taa, kwenye foleni, kwenye vivuko vya reli, yanaunganishwa kuwa ubongo mmoja mkubwa na kukodishwa kwa watu wenye mahesabu makubwa ya kufanya. Wakati huo injini inabaki bila mwangalizi. Mara nyingi inajikongoja. Ikishtuliwa na jambo dogo, taa au feni ya joto, inazima. Na ukiingiza sisimizi, ubongo unarudishwa mbio ili wizi usionekane, kila kitu kinakuwa shwari.

Gari hili halikujificha kwa sababu ubongo wake haukuazimwa; ugonjwa wake ulikuwa ule ufa tu. Aliyekata kilango hiki alijua. Alijua kabla ya kifo cha Ambokile, maana tone lile la gundi lilikuwa limekwisha kuwa jeusi kwa ukale.

Mkono wa Tusekile ulikuwa umeshika spana kubwa. Kwa miaka alikuwa ameilalia na kuiamkia saa hii. Mara nyingine aliota anamfungia mtu huyu ndani ya gari lake. Aliitazama spana, akaiweka chini. Akafunga bomba jipya. Kisha, taratibu, akakwangua lile tone la gundi na kukiunganisha tena kilango.

"Mzee, tayari!" aliita kwa nguvu. Madereva wakageuka. "Nimebadilisha bomba. Na ule waya wako uliokatika kwenye akili-endeshi nimeuunga. Sasa gari lako ni zima, kama lilivyotoka kiwandani. Kama haya ya wenzako."

Gwakisa alikuwa ameshika mpini wa mlango. Akauachia kana kwamba umemuunguza.

"Waya gani? Nani amekutuma uguse huko?"

"Kwani nimekosea? Waya umekatika, nikaunga."

"Ukate."

"Kwa nini?"

"Nimesema ukate!"

"Kata mwenyewe, kama unajua ni wa nini. Au ingia, washa, uende zako. Unakaa upande wa pili wa Iyunga, sivyo? Kivuko kiko njiani kwako, Mwalyego."

Jina lile lilimrudisha hatua moja nyuma. Benchi lote likasimama. Sekela, dada mnene mwenye koti jeupe aliyekuja na gari la wagonjwa, alimsogelea.

"Baba, mbona huendeshi?" aliuliza, kwa heshima kabisa. "Mimi naendesha hilo hilo kila siku. Na nyuma huwa kuna wagonjwa wamelala."

Gwakisa akageukia mlango wa kutokea. Tusekile akawaonyesha madereva kioo-hewa, akawaeleza wito ule unavyokuja na kinachochukuliwa. Alieleza polepole, kama mtu anayefundisha darasa. Alipomaliza, madereva wakasogea wakamzunguka Gwakisa.

"Ni sekunde chache," alisema Gwakisa. "Kwa kawaida hakuna kinachotokea."

"Kwa kawaida," alirudia Tusekile.

"Niliwaambia kampuni. Niliwaambia mwanzoni kabisa. Hawakusikia."

"Ukaenda kukata wa gari lako."

Dereva mmoja alimkamata kola. Tusekile aliutoa mkono ule, si kwa huruma. Hakutaka mtu mwingine amtangulie. Akachukua kikatio kidogo cha nyaya, akakiweka kwenye kiganja cha yule mzee.

"Utakata kilango katika magari yote yaliyopo hapa. Anza na la Sekela, ana mgonjwa anamsubiri. Lakini kabla hujakata, taja jina lake."

"La nani?"

"La dereva aliyesinzia."

Gwakisa akafungua mdomo. Macho yake yalizunguka gereji, yakapanda paa, yakarudi. Tusekile alimwona akitafuta, akitafuta kweli, kama mtu anayepapasa mifuko. Hakuwa na jina. Hakuwa amelisahau, hakuwahi kulibeba. Na katika chuki zote alizomlimbikizia, hili Tusekile hakuwa ameliwazia. Siku zote alifikiri kwamba angalau wanamkumbuka Ambokile watu wawili, yeye na mtu huyu.

"Ambokile," akamwambia. "Ambokile Mwambene. Kila gari utalitaja."

Mzee akapiga magoti kwenye sakafu yenye grisi, suti na yote, akaingiza kichwa chini ya usukani wa gari la wagonjwa. "Ambokile Mwambene," akasema. Kikatio kikalia. Sekela akawasha, akaondoka bila kuaga, king'ora kikamezwa na mvuke wa barabarani.

Kwenye gari la pili akasema tena. La tatu tena, akihema. Madereva walimtazama kwa kuridhika. Tusekile naye alingoja ile raha ije. Lakini kila jina lilipotoka kinywani mwa mtu yule lilizidi kuchakaa, likawa neno tu, neno la kazi, kama *shika* au *vuta*. Alijaribu kulisikia kwa sauti ya mumewe akijitaja mlangoni, siku ile ya kwanza alipokuja kwao kuposa. Sauti ile haikuja.

Gwakisa alikuwa ameinama kwenye gari jingine. "Ambo..." alianza.

"Nyamaza!" Tusekile alimkata. Akachuchumaa karibu naye, akamwambia kwa sauti ndogo aliyoisikia yeye peke yake. "Usilitaje tena. Leo wala siku nyingine. Kata tu."

Gwakisa akamtazama, akainamisha kichwa, akakata.