Namba Iliyochujuka Kwenye Friji

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuuza vitenge Kariakoo, Badria alitazama kioo kidogo cha kipimajoto kwenye mlango wa friji. Humo ilikaa insulini ya mama mkwe wake, Bi Siwema. Dawa hiyo haitaki joto, wala haitaki kuganda. Kwa miaka miwili kioo kiliandika 04 au 05, naye akaondoka roho kwatu. Sifuri ilikuwa imeanza kuchujuka, lakini nani ana habari na sifuri?

Siku moja umeme ulikatika usiku kucha. Asubuhi umeme ulikuwa umerudi, na Badria akaona 2.

"Mungu wangu, dawa itaganda!" akasema, akapunguza ubaridi wa friji. Kesho yake akaona 4. Akafurahi.

Mchana Bi Siwema alikunywa maji, akakunja uso. "Mwanangu, haya ya friji au ya bomba?"

"Ya friji, mama."

"Basi friji yako inanitania."

Badria akashtuka. Akamwita Zalak, fundi wa vifaa vya umeme anayekaa ghorofa ya juu. Zalak alimwamkia Bi Siwema, kisha akakikinga kioo kwa kiganja.

"Dada Badria, tazama kabla ya 4."

Badria akakodoa macho. Palikuwa na 1, hafifu mno.

"Kumi na nne! Na mimi ndiye niliyeongeza joto!" Machozi yakamlengalenga.

"Hapo paliwaka sifuri miaka miwili bila kupumzika," Zalak alisema. "Vitaa vinavyowaka vilevile kila siku huchakaa. Sasa 1 imekuja kukaa palepale, ndiyo maana haionekani."

"Kitapona?"

"Kilichochakaa hakirudi. Nitaweka kioo kipya. Nitakipunguzia mwanga. Kitawaka ukibonyeza tu, halafu kizime. Na namba zitakuwa zinahama kidogo, zisichoshe sehemu moja."

Badria akarudisha ubaridi, akampigia mfamasia. Mfamasia akauliza ni siku ngapi, akasema dawa bado inafaa.

Wiki mbili baadaye Badria alibonyeza, akaona 11. Namba zote ziling'aa. Kumbe sufuria ya wali ilizuia mlango usifungike! Akaisogeza, akafunga, akachelewa sokoni kwa makusudi ili aone namba ikishuka. Alipobonyeza tena ilikuwa 05.

"Mama," akaita, "njoo uchome sindano. Dawa yako ni nzima."