Mchanga Juu ya Barafu

"Kunguru, hapa Kiota. Chai imemwagika."

Eino Haapala alisimama wima katikati ya ua, redio ya upepo sikioni.

"Rudia, Kiota."

"Chai imemwagika, Kunguru. Yote."

Maneno hayo yalikuwa na maana moja tu. Delphine amegundulika.

Delphine Robichaux, mpelelezi mwenzake, alikuwa ameishi ndani ya genge la Curtis Brandvold tangu mwisho wa vuli, akijifanya dereva. Genge lile lilikuwa likivusha vifaa vya kuongozea makombora kutoka Minnesota kwenda ng'ambo ya ziwa lililoganda, upande wa Kanada, ambako wanunuzi wa kigeni walingoja na ndege yenye miguu ya kutelezea thelujini. Leo ilikuwa safari kubwa. Na ni leo hii Brandvold aliamua kukipasua kisigino cha kiatu cha dereva wake, akakuta kifaa cha kurushia ishara.

"Yuko wapi?"

"Ametiwa kwenye buti la gari la Brandvold, ile Lincoln, mikono imefungwa. Mtu wetu aliye kwenye kibanda cha wavuvi ameona kila kitu. Brandvold anaendesha mwenyewe. Ameshuka ziwani sasa hivi."

"Helikopta?"

"Hairuki kwa upepo huu. Sikiliza, Haapala." Sauti ya Mkuu Whitcomb ilikuwa kavu. "Wakanada watamdaka upande wa pili. Wewe subiri hapo hapo. Hiyo ni amri."

Redio ikanyamaza.

Wakanada! Eino alitaka kucheka, machozi yakamlengalenga. Alimjua Brandvold tangu darasa la kwanza. Yule hakuwa mtu wa kuvusha shahidi. Kabla ya mpaka kulikuwa na mkondo, barafu pale ni nyembamba hata mwezi Februari, na maji ya chini hayarudishi kitu. Delphine asingefika upande wa pili.

Na ni yeye Eino aliyemwingiza kwenye kazi hii.

Alilikimbilia gari lake la kazi. Akakuta limekaa chini. Matairi yote manne yamechanwa kisu.

"Mshenzi!" akapiga ngumi boneti. "Mshenzi mkubwa wewe!"

"Matusi hayajazi upepo, mwanangu."

Bi Bernice Maki alisimama mlangoni pa duka lake la chambo, aproni juu ya koti. Pembeni mwa duka, chini ya theluji, kulikuwa na gari moja tu lililobaki. Crown Victoria ya marehemu mumewe.

"Linawaka lile?"

"Lile? Lile linasukumwa na magurudumu ya nyuma, Eino. Tangu azikwe Toivo halijaguswa. Ukishuka nalo ziwani hivyo lilivyo litakuzungusha mpaka utapike."

"Sishuki nalo hivyo lilivyo. Betri iko wapi?"

"Nyuma ya jiko, inaota moto. Unadhani mimi mjinga?"

Eino alifukua theluji kwa koleo. Waya wa kupashia injini joto ulichungulia chini ya taa za mbele. Akauchomeka kwenye umeme wa ukutani, akaenda kuleta betri, akaifunga kwa mikono mitupu. Chuma kilimng'ata vidole. Ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri na upepo ulikuwa unachapa.

Alitamani kuwasha na kuondoka. Hapana. Mafuta ya injini yalikuwa yameganda. Ukilazimisha sasa, unaiua injini, na ukiiua injini umemuua Delphine.

Kwa hiyo alingoja huku akifanya kazi, na kila alichokifanya kilimuuma, kwa sababu kila dakika Lincoln ilikuwa inakwenda.

Akatandika minyororo kwenye magurudumu ya nyuma, akaikaza, akaikaza tena. Akakimbilia ghala la Bi Bernice akatoka na gunia la mchanga begani. Kisha jingine. Kisha jingine. Mchanga mkavu wa dukani, ule ambao kila mwenye gari la aina ile hununua majira ya theluji yakikaribia. Akayalaza juu ya ekseli kabisa. Ukiyatupa mwisho wa buti, mkia unakuyumbisha.

Mikono ikifanya hayo, moyo ulikuwa Novemba.

Novemba, kwenye ua huu huu, alikuwa akimfundisha Delphine. Mtoto wa Louisiana, hajawahi kuona ziwa limeganda. Alicheka hadi akashika mbavu. "Kaka Eino! Mnaweka mchanga garini, mnatembea nao miezi mitano? Nyie watu wa huku mna wazimu!"

"Injini iko mbele, dada. Nguvu iko nyuma. Nyuma kukiwa kwepesi, tairi linacheza tu, halishiki."

"Na mchanga ukiisha?"

"Ukiisha, omba Mungu."

Bi Bernice alimtupia mfuko wa mchanga wa choo cha paka kwenye kiti cha nyuma. "Ukikwama, mwaga chini ya tairi. Na vioo?"

"Nashusha vyote. Barafu ikipasuka, natokea dirishani."

"Na mkanda?"

"Sifungi, Bi Bernice. Nimezaliwa hapa."

"Jorma naye alizaliwa hapa, na yuko chini ya ziwa hadi leo. Nenda."

Eino akazungusha ufunguo.

Injini ikakohoa. Ikazima.

"Tafadhali," Eino alisema. Hakujua anamwambia nani. "Tafadhali mama, tafadhali."

Ikakohoa tena. Ikashika.

Crown Victoria ilishuka ziwani minyororo ikipiga kelele, vioo vinne chini, baridi ikiingia na kutoka ndani kama nyumba isiyo na mlango. Bastola yake, Glock, ilikuwa kwenye mfuko wa nje wa koti, baridi sawa na hewa.

Barabara ya barafu ilikwenda kaskazini, imefagiwa theluji, imewekewa matawi ya misonobari kandokando. Alipita vibanda vya wavuvi. Alipita njia panda ya mwisho. Kisha matawi yakaisha.

Kisha kila kitu kikaisha.

Mbele kulikuwa na weupe mtupu. Upepo ulikuwa umefagia theluji, ikabaki barafu tupu, ngumu, isiyoshika alama ya tairi. Brandvold angeweza kuwa kaskazini. Angeweza kuwa magharibi. Ziwa lile lina visiwa kwa maelfu.

Eino akasimamisha gari. Akashuka. Akazunguka kama kichaa akiangalia chini. Hakuna kitu.

"Delphine!" akapiga kelele. Upepo ukaichukua sauti.

Akapiga magoti. Nimeua mtu, alijisemea. Nimemtoa kwao kwenye jua nikamleta afe ndani ya maji ya baridi.

Ndipo akauona.

Mstari. Mwembamba, wa kahawia, umelala juu ya barafu. Akaugusa kwa kidole, akakitia kidole mdomoni. Ukasaga meno.

Mchanga.

"We binti!" Eino alinong'ona. "We binti we!"

Aliielewa yote palepale. Brandvold alimtia Delphine kwenye buti lakini hakuutoa mchanga. Angeutoaje? Hakuna mtu wa huku anayeshuka ziwani na Lincoln bila mchanga, hata akiwa na maiti ya kubeba. Alimlaza juu ya magunia. Na chini ya tairi la spea kuna tundu la kutolea maji, lenye kizibo cha mpira. Delphine alikuwa amekizibua, anaumimina mchanga humo.

Eino akaruka ndani ya gari.

Mstari ulikwenda kaskazini magharibi, moja kwa moja kuelekea mkondo. Aliufuata kichwa kikiwa nje ya dirisha, kope zikiganda. Mahali pengine upepo ulikuwa umeula, akapotea, akaupata tena. Kilomita kwa kilomita. Yu hai. Anamwaga, kwa hiyo yu hai.

Kisha mchanga ukakata.

Eino alikanyaga breki. Hakuna. Mbele barafu safi. Mikono ya Delphine imeganda. Au amekufa.

Redio ikakwaruza. "Kunguru, uko wapi? Kunguru!"

Alikuwa anaangalia barafu. Pale mchanga ulipokoma, baada ya mwendo mfupi tu, kulianza mikwaruzo. Ikapinda kushoto. Ikapinda kulia, mikubwa zaidi. Kisha duara zima.

Na mchanga ukiisha?

Hakuwa amekufa. Alikuwa ameumaliza mchanga.

Lincoln aliiona baada ya kisiwa kidogo. Ilikuwa imejigeuza nyuma mbele, mkia umeingia kwenye tuta la barafu iliyopasuka. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanazunguka bure, yanalia, yanachimba. Maji meusi yalikuwa yanapanda pembeni mwa matairi.

Tundu, Eino aliwaza. Mungu wangu, lile tundu.

Brandvold alitoka kwenye usukani, jasho linamtoka, bastola mkononi. Alikuwa ameendesha vioo juu na hita hadi mwisho, wavuvi wasisikie anayegonga butini.

"Eino! Mtoto wa Haapala!" alicheka, lakini macho hayakucheka. "Bado unafunga minyororo kama babu yako?"

"Fungua buti, Curtis."

"Nipe gari lako nimalize safari. Kimbelembele wako utamtoa mwenyewe."

"Fungua buti. Maji yanaingia."

"Basi fanya haraka!" Brandvold alielekeza mtutu kwenye buti. "Funguo! Au nampiga humo humo!"

Kutoka ndani ya buti, hafifu, kulisikika kitu kinagonga. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu hakikugonga.

Eino akaanza kutembea kuelekea Brandvold, mikono wazi.

"Simama!"

Hakusimama.

Brandvold akamgeuzia mtutu, akavuta kifyatulio.

Bastola ikatoa mlio mdogo. Tik.

Ilikuwa imetoka baridini asubuhi, ikatokwa jasho mbele ya hita, sasa jasho lile limekuwa barafu ndani ya chuma. Brandvold aliitazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake. Alijua kosa lake. Kila mtu wa ziwani angelijua.

Ngumi ya Eino ilimkuta bado anaitazama.

Eino alijirusha ndani ya Lincoln, akavuta kishikio cha buti, akatoka mbio. Delphine alikuwa amelala ndani ya maji yanayofika mbavuni, magunia matupu yamemzunguka, vidole vyake vimechanika. Midomo ya buluu. Macho wazi.

"Umechelewa," alisema.

Eino alimnyanyua akamkumbatia kwa nguvu, akalia waziwazi bila aibu.

Nyuma yao Lincoln ilikaa chini kidogo, ikanywa maji, ikatulia juu ya tuta. Sanduku la vifaa vya makombora lilikuwa kwenye kiti cha mbele. Eino alilichukua. Akamfunga Brandvold kwa kamba ile ile iliyomfunga Delphine, akamtupa kwenye buti la Crown Victoria, juu ya magunia.

"Usimwage," Delphine alimwambia Brandvold.

Redio ikakwaruza. "Haapala! Nilikuamuru usubiri!"

"Nilisubiri, Mkuu. Injini ilikuwa haijapata joto." Akaizima.

Alimvika Delphine koti lake, akaipandisha hita, akaanza kupandisha vioo. Mtu aliyelowa, baridi hii, desturi ya vioo chini ingengoja siku nyingine.

Delphine akamshika mkono.

Alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana. Akaufungua mkanda ambao Eino alikuwa amemfunga kwa kujisahau. Kisha, kwa vidole vyake vilivyochanika, akakishusha kioo cha upande wake hadi chini.

"Twende, kaka," alisema. "Polepole."